Yannick Noah: mtoto wa Yaoundé aliyeshinda Roland Garros

Mapendo, Goma – Kila mwaka, mwezi wa tano unapoelekea kwisha, redio za Kifaransa zinazosikika hapa mjini hurudia jina lile lile: Noah. Mashindano ya tenisi ya Roland Garros yanaanza Paris, vijana wa Ufaransa wanaingia uwanjani, na mmoja baada ya mwingine wanatolewa. Kisha mtangazaji anakumbusha kwamba Mfaransa wa mwisho kulibeba kombe hilo upande wa wanaume alikuwa Yannick Noah, mwaka 1983. Kuna wazee wa Mapendo wanaomkumbuka kwa nywele zake za rasta. Kwa vijana wengi, na kwa jamaa zilizokuja kujisitiri hapa kutoka Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, jina hilo linapita tu hewani. Wengine wanafikiri ni mwimbaji. Hawakosei, maana aliimba pia. Lakini habari yake inaanza mbali, na sehemu yake kubwa ni ya Afrika.

Baba yake, Zacharie Noah, alikuwa Mkameruni aliyekwenda Ufaransa na kucheza kandanda. Alikuwa beki wa timu ya Sedan, mji mdogo wa kaskazini karibu na Ubelgiji, na mwaka 1961 timu hiyo ilichukua Kombe la Ufaransa. Mama yake, Marie-Claire, alikuwa Mfaransa, mwalimu, na mchezaji wa basketi. Yannick alizaliwa huko Sedan tarehe 18 Mei 1960. Baba akaumia, kazi ya mpira ikakatika mapema, na jamaa nzima ikarudi Kameruni. Mtoto alikuwa na umri wa miaka mitatu hivi. Kwa hiyo mji alioujua kama kwao ulikuwa Yaoundé.

Tenisi Yaoundé wakati ule haikuwa mchezo wa kila mtu. Hapa Goma pia, mpira wa miguu unachezwa popote, hata juu ya mawe meusi ya volkano, kwa mpira wa matambara na kamba. Tenisi inataka uwanja uliosawazishwa, wavu, raketi na mipira inayodunda vizuri. Jamaa ya Noah haikuwa maskini, na wazazi walikuwa wanachama wa klabu. Hata hivyo raketi ya maana ilikuwa shida kupata, na husimuliwa kwamba mtoto alianza kupiga mipira kwa kibao cha mti alichojichongea.

Ndipo akaja Arthur Ashe. Huyu alikuwa Mmarekani mweusi kutoka Richmond, Virginia, aliyekulia katika mji ambako viwanja vizuri vya tenisi vilikatazwa kwa watu weusi. Mwaka 1968 alishinda mashindano ya wazi ya Marekani, na mwaka 1970 akashinda yale ya Australia. Serikali ya Afrika ya Kusini, iliyokuwa ya ubaguzi, ilimnyima viza. Yeye akazunguka sehemu nyingine za bara: mwaka 1970 alipita Kenya na Tanzania pamoja na Stan Smith, akicheza michezo ya maonyesho na kufundisha watoto. Mwaka uliofuata ziara nyingine ilimfikisha Kameruni. Ulikuwa mwaka ule ule ambao Kongo ilibadilishwa jina na kuwa Zaire.

Katika klabu ya Yaoundé walimletea watoto wapige mipira naye. Mmoja, mrefu kuliko umri wake, alirusha mpira juu na kuupiga kwa nguvu hata mgeni hakuweza kuugusa. Noah alikuwa na miaka kumi na mmoja hivi. Ashe alimwachia raketi yake. Kama angeishia hapo, ingekuwa zawadi nzuri ya mgeni, mtoto angeining'iniza ukutani na habari ingekwisha. Jambo lililobadili maisha ya Noah ni simu. Ashe aliwasiliana na Philippe Chatrier, mmoja wa wakubwa wa tenisi ya Ufaransa, akamwambia kuna mtoto Yaoundé anayestahili kutazamwa. Chatrier alimsikiliza, na shirikisho likamchukua.

Hapa inafaa kusimama kidogo. Noah alikuwa na kipaji, hilo halina ubishi. Lakini alikuwa pia na mama Mfaransa, alizaliwa Ufaransa, na karatasi zake zilikuwa tayari. Watoto wengine waliopiga mipira siku ile uwanjani hawakuitwa Paris. Hakuna anayejua kama kati yao hakukuwa na mwingine kama yeye. Mtu anayesimulia habari hii kama muujiza wa kipaji tu anaruka sehemu ambayo wazazi wa Mapendo wanaielewa haraka kuliko wengine, wao wanaojua uzito wa cheti cha kuzaliwa kilichobaki nyumbani siku ya kukimbia.

Na kulikuwa na bei. Mtoto wa umri wa darasa la sita aliagana na wazazi, akapanda ndege kwenda Nice, kusini mwa Ufaransa, kuishi bwenini katika shule iliyochanganya masomo na tenisi. Noah mwenyewe amezungumza mara nyingi juu ya upweke wa miaka ile. Asubuhi darasani, mchana uwanjani, usiku kitandani akifikiria Yaoundé. Hakufukuzwa na vita, alichaguliwa. Tofauti hiyo ni kubwa. Ila usiku, mtoto aliye mbali na mama yake haipimi tofauti hiyo kama mtu mzima.

Alianza kulipwa kama mchezaji mwaka 1977. Mwaka 1978 alipata mataji yake ya kwanza ya watu wakubwa huko Asia, na mwaka huo huo akacheza wawili wawili Wimbledon akiwa upande mmoja na Ashe, ambaye miaka mitatu nyuma alikuwa ameshinda kombe la Wimbledon mwenyewe. Mwaka 1982 aliongoza Ufaransa mpaka fainali ya Kombe la Davis, shindano la timu za mataifa, iliyochezwa Grenoble dhidi ya Marekani. Alipigana na John McEnroe kwa seti tano, akashindwa. Ufaransa ilikuwa imeanza kumzoea.

Kisha 1983. Kwa wasiofuata mchezo huu: Roland Garros inachezwa juu ya udongo mwekundu wa matofali yaliyosagwa. Mpira ukigusa hapo unapoteza mwendo na kuruka juu. Kwa hiyo washindi wa udongo kwa kawaida ni watu wa subira, wanaokaa nyuma ya uwanja na kurudisha kila kitu mpaka mwenzao akosee. Mats Wilander wa Uswidi alikuwa bingwa wa namna hiyo, na alilichukua kombe mwaka 1982 akiwa na miaka 17 tu. Noah alikuwa kinyume chake. Alipiga mpira wa kwanza kwa nguvu, akakimbilia wavuni, akaruka kama golikipa. Wataalamu walisema mchezo huo hauwezi kushinda kwenye udongo.

Katika robo fainali alikutana na Ivan Lendl wa Chekoslovakia, mmoja wa wachezaji wakali wa wakati ule. Noah alipoteza seti moja, kisha akafunga hesabu kwa 6–0. Hiyo ndiyo seti pekee aliyopoteza katika mashindano yote. Nusu fainali alimpiga Mfaransa mwenzake, Christophe Roger-Vasselin.

Fainali ilikuwa Jumapili tarehe 5 Juni 1983, Wilander akiwa ng'ambo ya wavu. Noah hakumpa nafasi ya kukaa na kusubiri. Alirudisha mipira mifupi ya chini, iliyokatwa, akaifuata mpaka wavuni, akamlazimisha kijana yule kupiga mipira ya hatari mara kwa mara. Jua kali, kelele za watu, raketi ya mbao mkononi. Seti ya kwanza 6–2, ya pili 7–5. Ya tatu ilifika 6–6, na katika michezo ya kuvunja sare Wilander akarudisha mpira nje. Noah alipiga magoti. Kisha mwanamume mmoja akaruka kutoka jukwaani na kukimbilia uwanjani: Zacharie, mchezaji wa zamani wa Sedan. Wakaanguka mikononi mwa kila mmoja mbele ya televisheni. Kwa watu wa umri fulani, Kameruni na Ufaransa, picha hiyo ya baba na mwana inakumbukwa kuliko kombe lenyewe. Hakuna Mfaransa aliyekuwa ameshinda hapo tangu Marcel Bernard mwaka 1946.

Baadaye umaarufu ulimlemea, akahama Paris kwenda kuishi New York. Mwaka 1984 alishinda Roland Garros tena, safari hii wawili wawili na Henri Leconte, na mwaka 1986 akafika nafasi ya tatu duniani kwa mchezaji mmoja mmoja na ya kwanza kwa wawili wawili. Mataji yake ya peke yake yalifika 23. Lakini kombe kubwa la pili la peke yake halikupatikana, na si vibaya kusema kwamba wengi walimngojea alipate.

Alipoacha kucheza alipewa kazi ya kuongoza timu ya Kombe la Davis. Mwishoni mwa mwaka 1991, wakati Zaire ilikuwa bado inahesabu hasara ya uporaji wa mwezi wa tisa, huko Lyon timu yake iliishinda Marekani ya Pete Sampras na Andre Agassi. Ufaransa ilikuwa imelisubiri kombe hilo tangu 1932. Kapteni na wachezaji wakacheza ngoma uwanjani kwa wimbo wake mwenyewe, Saga Africa. Mwaka 1996 walilichukua tena Malmö, Uswidi, na mwaka 1997 akaiongoza timu ya wanawake kushinda kombe lao. Mwaka 1996 pia alianzisha Fête le Mur, shirika linalofundisha tenisi watoto wa vitongoji maskini vya Ufaransa. Ashe hakuyaona hayo. Alikuwa amefariki Februari 1993 baada ya kuambukizwa UKIMWI kwa damu aliyoongezewa hospitalini.

Mwaka 2017 ulikuwa mchanganyiko wa machozi na furaha. Mwezi wa kwanza Zacharie alifariki Yaoundé. Mwezi wa kumi na moja, mwanawe, aliyekuwa amerudishwa kwenye ukapteni, aliipeleka Ufaransa kwenye fainali dhidi ya Ubelgiji huko Lille. Katika timu hiyo alikuwepo Jo-Wilfried Tsonga, mzaliwa wa Le Mans, ambaye baba yake, Didier, alitoka Kongo-Brazzaville na alikuwa mchezaji wa mpira wa mikono. Tsonga alikuwa amefika fainali ya Australia mwaka 2008, na mwaka 2011 alimpindua Roger Federer Wimbledon baada ya kupoteza seti mbili za kwanza. Huko Lille alishinda mchezo wake wa kwanza, akapoteza wa pili, na Lucas Pouille akamaliza kazi. Ufaransa ikapata kombe lake la kumi.

Tsonga naye aliaga mwezi wa tano 2022, kwenye udongo ule ule wa Roland Garros, akicheza na Casper Ruud huku bega likimuuma hata hakuweza tena kupiga mpira wa kuanzia. Alikataa kuacha kabla ya pointi ya mwisho. Noah, kwa upande wake, miaka ya karibuni amerudi kuishi Yaoundé.