Vito vya Malkia wa Kraków

Maharusi wakitaja fungate ya Ulaya utasikia Paris, utasikia Istanbul. Leo nawapeleka Kraków, mji wa kale wa wafalme wa Poland, kwa sababu ya msichana mmoja na vito vyake.

Anzia Rynek, uwanja mkuu uliopimwa mwaka 1257. Katikati yake limesimama jengo refu la Sukiennice, ambako zamani waliuza vitambaa; siku hizi vibanda vimejaa mikufu ya kaharabu. (Msichanganye na ambari yetu ya kutilia udi. Kaharabu ni utomvu wa miti ya kale uliogeuka jiwe.)

Kisha panda kilima cha Wawel, penye kasri la wafalme na kanisa walimozikwa. Hapo ndipo alipotawazwa Jadwiga mwaka 1384, mtoto wa miaka kama 10 hivi, tena kwa cheo cha mfalme. Alikuwa ameshaposwa tangu utotoni na Wilhelm wa Austria. Lakini wakubwa wa Poland walimtaka Jogaila, mtawala wa Lithuania, mtu mzima aliyemzidi umri mara mbili au zaidi. Mwaka 1385 Jogaila aliahidi kulipa florini 200,000 ili posa ya kwanza ivunjwe, na Februari 1386 ndoa ikafungwa. Mataifa mawili yaliungana. Moyo wa msichana mwenyewe ulisemaje, nani alimuuliza?

Alikuwa na mtoto mmoja tu. Binti huyo alizaliwa Juni 1399, akafa baada ya wiki tatu, na siku chache baadaye mama akamfuata. Inna lillahi, hata ukisoma leo inauma.

Sasa vito. Kraków ilikuwa na chuo kikuu tangu 1364, lakini kilikuwa kimezorota. Jadwiga aliacha vito vyake viuzwe ili chuo kifufuliwe, na mwaka 1400 kikafunguliwa upya. Kaburi lake lilipofunguliwa karne nyingi baadaye, fimbo ya kifalme iliyokutwa humo ilikuwa ya mbao. Wenyeji husema ni kwa kuwa dhahabu yote aliitoa kwa wanafunzi. Sisi tunaojua kwamba mahari ni mali ya mwanamke mwenyewe, aifanyie atakalo, tunaielewa hatua ile vizuri.

Kinachonikera ni kwamba wasichana hawakuruhusiwa kusoma pale. Iko hadithi ya msichana aliyevaa nguo za kiume akahudhuria masomo hadi akagunduliwa. Wenyeji humwita Nawojka. Ruhusa ya kweli ilikuja mwaka 1894, karibu miaka 500 baada ya vito kuuzwa, wanawake watatu wa fani ya dawa walipokubaliwa kukaa darasani. Mmoja wao aliitwa Jadwiga Sikorska.

Jengo la kale la chuo, Collegium Maius, liko mtaa wa pili tu kutoka uwanja mkuu. Uani mna saa ambayo mara kadhaa kwa siku hupiga muziki, na vinyago vya watu wa chuo hutoka na kupita mbele yenu. Malkia Jadwiga yumo. Mkifika, subirini apite.