Faragha ya msafiri mpakani: Tathmini hutazama nini?

Barabara inayotoka Kicukiro kuelekea kusini hupita Gahanga, huvuka mto Nyabarongo, kisha huendelea kupitia Nyamata hadi Nemba, mpakani mwa Rwanda na Burundi. Upande huohuo, wilayani Bugesera, ndiko unakojengwa uwanja mpya wa kimataifa wa ndege, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2017. Uwanja unaotumika sasa uko Kanombe, ndani ya wilaya ya Kicukiro kama ilivyo Gahanga yenyewe. Kwa wakazi wa eneo hili, ukaguzi wa wasafiri ni jambo la jirani.

Tangu Januari 2014, raia wa Rwanda, Kenya na Uganda wanaruhusiwa kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kutumia kitambulisho cha taifa. Hata hivyo, kinachochukuliwa na vyombo vya mipakani duniani kote kimeongezeka. Mwezi Desemba 2017, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2396, linalozitaka nchi wanachama kukusanya taarifa za abiria kutoka mashirika ya ndege na kuunda mifumo ya kutambua watu kwa alama za vidole na sura, ili kuwabaini magaidi. Azimio hilohilo linataka kazi hiyo ifanywe kwa kuheshimu haki za binadamu.

Hapo ndipo inapohitajika tathmini ya faragha.

Tathmini hiyo ni uchunguzi wa maandishi unaofanywa kabla mfumo haujaanza kutumika. Huuliza maswali yanayoeleweka na kila mtu: Ni taarifa zipi zinachukuliwa, na kwa sheria ipi? Nani anaziona? Zinahifadhiwa wapi na kwa muda gani? Zikivuja, au mashine ikimfananisha mtu asiye na hatia na mhalifu, atapata wapi haki yake?

Umuhimu wake mpakani ni wa pekee. Mteja asiyependa masharti ya duka anaweza kwenda duka jingine. Msafiri hana dirisha jingine la uhamiaji: akikataa kupigwa picha, huenda asivuke. Kwa kuwa ridhaa yake haina nguvu mahali hapo, ulinzi wake lazima uwekwe mapema, na wale wanaounda mfumo.

Nchini Rwanda, haki ya faragha inalindwa na Katiba, kifungu cha 23. Sheria namba 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021, inayohusu ulinzi wa taarifa binafsi na faragha, iliweka utaratibu kamili, na taasisi zilipewa miaka miwili ya kujirekebisha. Msimamizi wake ni Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao. Sheria inazihesabu alama za mwili, hali ya afya, imani ya dini na rekodi za jinai kuwa taarifa nyeti. Inataka tathmini ifanywe pale matumizi ya taarifa yanapoweza kuhatarisha sana haki za watu. Taarifa zikivuja, mwenye dhamana anapaswa kuijulisha mamlaka ndani ya saa 48. Ridhaa si msingi pekee unaotambuliwa: taarifa zinaweza pia kutumiwa kutimiza wajibu wa kisheria au kwa maslahi ya umma, na kazi nyingi za mipakani hutegemea misingi hiyo.

Je, tathmini inaweza kuwa na meno? Jibu la karibu linatoka Kenya. Tarehe 14 Oktoba 2021, siku moja tu baada ya tarehe ya sheria ya Rwanda, Mahakama Kuu jijini Nairobi ilibatilisha uamuzi wa serikali wa kutoa kadi za Huduma Namba. Mfumo huo haukuwa wa mipakani, lakini ulikusanya alama za vidole na picha za mamilioni ya watu. Mahakama ilisema tathmini ya athari ilipaswa kufanywa kwanza, kama inavyotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Lakini tathmini peke yake haitoshi. Marekani inazitaka idara za serikali kuu kufanya tathmini za faragha kwa sheria ya mwaka 2002. Hata hivyo, mwaka 2019 picha za wasafiri takriban 184,000, zilizochukuliwa katika majaribio ya kutambua sura, zilivuja baada ya kampuni iliyopewa kazi kuzinakili kwenye mtandao wake bila idhini. Uchunguzi wa mkaguzi mkuu wa wizara husika ulieleza kuwa baadhi ya picha hizo ziliwekwa katika maficho ya intaneti. Kwa hiyo tathmini hupaswa kurudiwa, na kuwagusa pia wakandarasi.

Muda wa kuhifadhi nao ni suala zito. Tarehe 21 Juni 2022, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kuwa taarifa za abiria wote wa ndege haziwezi kuhifadhiwa kwa miaka mitano bila ubaguzi. Baada ya miezi sita, sharti pawepo sababu ya kumhusisha abiria na ugaidi au uhalifu mkubwa.

Kwa msafiri wa kawaida, sheria ya Rwanda inatoa haki ya kuuliza ni taarifa zake zipi zinazohifadhiwa, kuomba makosa yasahihishwe na kupeleka malalamiko kwa mamlaka inayosimamia. Jina lililoandikwa vibaya au tarehe ya kuzaliwa iliyokosewa linaweza kumkwamisha mtu katika kila safari. Kusahihisha kosa hilo kabla ya kufunga mizigo ni rahisi kuliko kulieleza dirishani, foleni ikiwa nyuma.