Daktari wa Nani? Majeruhi, Fidia na Karatasi ya Uchunguzi Kilimanjaro

Anayegongwa na gari kati ya Moshi mjini na Himo, au anayevunjika mguu akiwa juu ya bodaboda inayoteremka kutoka Kibosho, hawezi kudai fidia ya bima kwa kuonyesha kovu tu. Lazima mwili wake uchunguzwe, uandikwe na upimwe kwa asilimia, na mara nyingi daktari anayefanya kazi hiyo mara ya pili ni yule aliyeteuliwa na anayetakiwa kulipa. Wengi hudhani huu ni usumbufu wa kampuni za siku hizi. Si kweli. Uchunguzi huo una umri mkubwa kuliko kampuni nyingi za bima zilizopo Moshi leo, na tangu siku ya kwanza ulitungwa kumlinda mlipaji. Ninachosema ni kwamba haki ya majeruhi katika mkoa huu haikuwahi kutegemea wema wa daktari peke yake. Ilitegemea ni nani aliyemwita daktari, alimtazama mgonjwa lini, na maandishi yake yalibaki mikononi mwa nani.

Kabla ya sheria za wakoloni, jeraha la mtu huku mlimani lilikuwa shauri la koo mbili. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyeishi miaka mingi kwa Wachaga, alichapisha mwaka 1926 kitabu kikubwa juu ya sheria zao, na kinaonyesha jamii iliyozoea kutathmini madhara na kuyalipa kwa mifugo mbele ya wazee. Aliyekosa alipeleka jani la isale kuomba radhi, na jani hilo halikuwa rahisi kulikataa. Kwa hoja yangu, jambo kubwa hapa ni kwamba kidonda kilizungumzwa wazi, pande zote mbili zikiwapo. Sitaki kuupamba utaratibu huo. Mwenye ukoo dhaifu alikuwa na sauti dhaifu, na mjane au mgeni angeweza kuondoka barazani na kidogo kuliko alichostahili. Lakini hakuna aliyetarajia upande wa mkosaji uende peke yake kumkagua majeruhi, kisha urudi na hukumu iliyokwisha kuandikwa.

Utaratibu huo wa kukaguliwa na upande mmoja ulikuja kutoka Uingereza. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 1897 ilisema kwamba mfanyakazi aliyeumia, mwajiri akitaka, lazima akubali kuchunguzwa na daktari anayelipwa na mwajiri. Akikataa, haki yake ya fidia inasimama. Waingereza walipokuwa wakiitawala Tanganyika, walileta sheria ya namna hiyo mwishoni mwa miaka ya 1940. Ilizihusu kazi za mishahara zilizouzunguka mlima: reli, viwanda, mashamba ya kahawa ya walowezi, katani, na miwa ya TPC kule Arusha Chini, shamba lililoanza miaka ya 1930. Sheria ilikuja na jedwali lililogawa mwili kwa asilimia, kila kiungo na thamani yake. Ilikuwa hatua mbele kwa sababu mtu aliyekatika vidole hakuhitaji tena kuthibitisha kwamba bwana wake alikosea. Hata hivyo thamani yenyewe iliachwa ioze. Sheria ile ilidumu hadi karne hii, na kiwango cha juu cha fidia kwa mtu aliyepata ulemavu kamili wa kudumu kilibaki shilingi 108,000, wakati fedha hiyo ilikuwa imekwisha kupoteza maana. Daktari aliweza kupima kwa uaminifu wote, na bado mtu akatoka na senti.

Kwa magari, sheria ya mwaka 1945 ilimlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima ya kufidia watu wengine, ile ambayo leo tunaiita bima ndogo. Baada ya uhuru likaundwa Shirika la Bima la Taifa mwaka 1963, na tangu 1967 likawa peke yake sokoni mpaka biashara hiyo ilipofunguliwa tena mwaka 1996. Soko lilibadilika mara mbili, lakini karatasi ya kwanza ya majeruhi ilibaki ileile: PF3, fomu ya polisi. Fomu hiyo ilizaliwa kwa ajili ya upelelezi wa jinai, ili mahakama ijue kama jeraha ni la panga au la ngumi. Daktari wa hospitali ya Mawenzi, au ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971, huijaza mgonjwa akiwa bado anavuja damu, na anaandika anachokiona saa hiyo. Mfupa usiounga, ganzi ya mkono, kizunguzungu cha aliyegonga kichwa, hayo hujitokeza baada ya wiki au miezi. Daktari wa bima anapokuja kulinganisha, kila kisichokuwa ndani ya PF3 kinaanza kutiliwa shaka.

Upungufu wa fomu hii, na wa jedwali la asilimia, unaonekana zaidi hapa kuliko mahali pengi, kwa sababu ya kazi za watu wa mlimani. Tangu 1981 KCMC ina chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia, na wataalamu wake wa mifupa wanajua vizuri kwamba goti lisilokunja ni jambo moja kwa karani wa benki na jambo jingine kabisa kwa mama wa Marangu anayebeba majani ya ng'ombe kutoka mgongo mmoja wa mlima hadi mwingine, au kwa mpagazi anayepandisha mizigo ya watalii. Jedwali halijui mteremko. Sheria mpya ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2008, ambayo mfuko wake wa WCF ulianza kazi mwaka 2015, imeboresha mengi: mwenye ulemavu unaozidi asilimia 30 hupata pensheni ya kila mwezi, na wa chini ya hapo hupata malipo ya mkupuo. Lakini tazama uzito uliowekwa juu ya kalamu ya daktari. Kati ya 29 na 31 kuna maisha mawili tofauti. Na mkulima wa kihamba, yaani shamba la ukoo, aliyegongwa na daladala hana mwajiri; kwake hakuna WCF, kuna bima ya gari tu.

Watu wa bima wanajibu kwamba bila uchunguzi wao udanganyifu ungewamaliza, na gharama zingerudi kwa kila mwenye gari. Ni hoja ya haki, na siyapuuzi madai ya uongo. Ila inathibitisha haja ya uchunguzi, haithibitishi kwamba upande mmoja uufanye peke yake na kukaa na ripoti. Wengine wanasema daktari amekula kiapo na anasimamiwa na Baraza la Madaktari wa Tanganyika. Nakubali, na madaktari wengi ni waungwana. Lakini kiapo hakimwongezei mtu dakika za kuuliza maswali, na swali aliloagizwa kujibu ndilo linaloamua anachokitafuta. Aliyeulizwa "amepona kiasi gani?" ataandika tofauti na aliyeulizwa "amepoteza nini?". Kundi la tatu, na hili ni la kwetu hasa, linasema afadhali kumalizana nyumbani kama wazee. Hapa nakataa kabisa. Dereva anayetoa fedha ya hospitali barabarani ili polisi wasiitwe hafanyi usuluhishi wa isale. Wazee walisubiri kuona madhara. Yeye ananunua kimya kabla mguu haujapigwa hata eksirei. Bila PF3 na ripoti ya polisi, kampuni ya bima haina cha kulipa.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukiumia au ukiuguza aliyeumia, usikatae kuchunguzwa na daktari wa bima, maana kukataa kunamsaidia mlipaji. Nenda, lakini usiende mikono mitupu. Chukua PF3 mapema, baki na nakala yake, omba hospitali inayokutibu iandike ripoti yake mwenyewe baada ya miezi kadhaa, na mweleze daktari kazi yako kwa vitendo: unapanda wapi, unabeba nini, umeacha kufanya nini. Omba nakala ya kile atakachoandika. Usisaini hati ya kumaliza madai wakati bado unatembelea magongo. Dai la madhara ya namna hii lina miaka 3 mahakamani, na mgogoro na kampuni ya bima unaweza kupelekwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009.