Sauti Nene na Sauti Nyembamba: Historia ya Gita la Umeme

Somo letu la leo ni la historia, nalo lahusu vifungo vile vidogo vya kuzungusha vilivyo katika amplifaya, yaani mashine ya kukuza sauti ya gita.

Tuanze na jambo mnalolijua vema ninyi wa Ghuba ya Chole, mlioko Utende, Chole, Juani na Jibondo. Mvuvi akichukua jarife lenye macho makubwa, amekwisha kuamua ni samaki gani watakaobaki na ni gani watakaopenya. Wavu hauumbi samaki. Kazi yake ni kuchagua tu.

Ndani ya amplifaya nako mna wavu wa namna hiyo. Kuna kifaa kiitwacho kapasita, ambacho sauti nyembamba hukipenya kwa urahisi, lakini sauti nene huzuiliwa. Kuna na kingine, rizista, kinachopunguza nguvu za umeme. Viwili hivi vikiungwa pamoja hugawanya sauti kuwa nene, ya kati na nyembamba. Basi, jueni kwamba katika amplifaya nyingi za gita wavu huu hauongezi kitu. Ukidhani umeongeza sauti nyembamba, kwa kweli umeacha kuipunguza.

Katika mwaka 1952 Mwingereza Peter Baxandall alieleza katika gazeti la Wireless World njia nyingine, iliyoweza kuongeza sauti na kuipunguza pia. Njia yake ilienea sana katika redio na mashine za santuri. Lakini watengenezaji wengi wa amplifaya za gita waliendelea na ule wavu wa kupunguza.

Mwaka uliofuata, 1953, Mbelgiji Bill Alexandre alipeleka gita la umeme Leopoldville, mji uitwao leo Kinshasa. Kabla ya hapo, gita katika bendi ya dansi lilimezwa na tarumbeta na saksafoni. Muziki wa Kongo ulifika kwetu kwa santuri na redio, na bendi za Tanganyika, kama Dar es Salaam Jazz iliyoanzishwa mwaka 1932 na Morogoro Jazz ya mwaka 1944, nazo zikashika magita ya umeme.

Hapo likazuka tatizo jipya. Bendi moja ilikuwa na gita la solo, la rithimu na la besi. Yote yakiwa na sauti ya namna moja, hukanyagana, na msikilizaji hasikii ila kelele. Dawa yake ni kila mpigaji kuacha sehemu fulani ya sauti: wa solo apunguze unene ili besi ipate nafasi, na wa besi apunguze wembamba. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, aliyefika na bendi yake Osaka, Japani, mwaka 1970, alisifiwa kwa gita la solo lililosikika wazi katikati ya wenzake.

Huko London, mwaka 1962, duka la Jim Marshall lilitengeneza amplifaya kwa kufuata ile ya Marekani iitwayo Fender Bassman. Baadaye, miaka hiyo hiyo ya 1960, rizista moja ya wavu ilibadilishwa kutoka omu 56,000 hadi 33,000, na kapasita ya sauti nyembamba ikaongezwa ukubwa. Sauti ya kati haikupotea sana tena, na gita likajitokeza mbele. Vipande viwili vya bei ndogo viligeuza sauti ya mashine nzima.

Huenda kijana wa bendi yenu akatamani kufanya vivyo hivyo. Kwanza asikilize bendi nzima ikipiga pamoja, wala si gita lake peke yake. Pili, na hili ni la uhai, asifungue amplifaya ya valvu asiyoijua. Kapasita zake kubwa zaweza kuhifadhi umeme wa volti 400 na zaidi hata baada ya kuchomolewa, nao huua. Kazi hiyo ni ya fundi ajuaye kuutoa umeme huo na kuupima kabla ya kugusa chochote.

Sasa zungumzeni katika vikundi:

1. Kwa nini kupunguza sauti ya gita moja kwaweza kuifaa bendi nzima?
2. Katika bendi mnayoijua, ni nani anayemkanyaga mwenzake, naye aache nini?