Pishi Moja ya Kupimia Damu

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: Historia ya Elimu ya Afya

Kabla hatujaanza, mwalimu na aandike ubaoni maneno haya: chembe, uboho, hadubini, lukemia.

Chembe ni vitu vidogo mno vilivyomo katika damu. Uboho ni ule ute laini ulio ndani ya mifupa, na humo ndimo damu inamotengenezwa. Hadubini ni chombo cha kukuzia vitu visivyoonekana kwa macho. Lukemia ni kansa ya damu.

Mwaka 1845 daktari John Hughes Bennett wa Edinburgh aliona damu ya maiti imejaa chembe nyeupe, akadhani ni usaha. Mwaka huohuo Rudolf Virchow wa Berlin aliona jambo kama hilo, lakini yeye alisema si usaha, ni chembe nyeupe zilizozidi kiasi. Mwaka 1847 akaupa ugonjwa huo jina la lukemia, maana yake damu nyeupe.

Kuwa na jina si kuujua ugonjwa. Chembe nyeupe zilionekana zote namna moja, mpaka Paul Ehrlich wa Ujerumani alipozitia rangi katika miaka ya 1870. Chembe nyingine zilishika rangi hii, nyingine ile. Ndipo ilipotambulika kuwa lukemia si ugonjwa mmoja, bali ni nyingi.

Hapo ikazuka taabu. Mnajua pishi yetu ya kupimia nafaka. Ikiwa kila mwenye duka ana pishi yake, mnunuzi hawezi kujua amepata kiasi gani. Ndivyo ilivyokuwa kwa madaktari: ugonjwa mmoja ulipewa jina hili mji huu, na jina jingine mji wa pili. Basi mtu angejuaje dawa ipi inafaa?

Mwaka 1976 madaktari saba wa Ufaransa, Marekani na Uingereza walitafuta pishi moja. Walitazama damu na uboho wa wagonjwa 200 hivi, kwanza wote pamoja, kisha kila mtu peke yake. Wakaigawa lukemia kali katika mafungu: M1 hadi M6, na L1 hadi L3. Chembe za fungu la L3 zinafanana na zile za uvimbe wa taya za watoto, ambao Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliueleza mwaka 1958.

Je, mafungu hayo yana faida gani kwa mgonjwa? Chukueni M3. Mgonjwa wake hutokwa na damu nyingi, naye aweza kufa kwa siku chache. Mwaka 1988 madaktari wa Shanghai walitangaza kuwa wamewatibu wagonjwa 24 wa M3 kwa dawa ya jamii ya vitamini A. Dalili ziliwatoka wote, mmoja wao baada ya kuongezewa dawa nyingine. Leo wengi wa wagonjwa wa M3 hupona. Lakini dawa hiyo haiponyi mafungu mengine. Basi hapana budi kulijua fungu kwanza, tena upesi.

Hata hivyo, macho ya watu wawili huweza kuhitilafiana. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, huko Cambridge, walivumbua njia ya kutengeneza kingamwili za namna moja tu. Kila kingamwili hushika alama yake juu ya chembe, kama ufunguo na kufuli lake. Hutiwa rangi inayong'aa, kisha chembe hupitishwa mojamoja mbele ya mwanga mkali, na mashine huzihesabu.

Lakini mashine nazo huweza kutegwa mbalimbali. Kwa hiyo, tangu mwaka 2006, maabara kadhaa za Ulaya ziliungana kwa jina la EuroFlow. Mwaka 2012 zilichapisha kanuni: jinsi ya kutega mashine, kingamwili zipi zitumike pamoja, na jinsi ya kutayarisha damu. Nia yake ni kwamba damu ya mtu mmoja, ikipimwa mahali popote, itoe jibu lilelile.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Bennett na Virchow walihitilafiana katika jambo gani?
2. Kwa nini mgonjwa wa M3 hawezi kungoja?
3. Taja kazi nyingine katika kijiji chenu inayohitaji kipimo kimoja kwa watu wote.