Pilipili Pembeni ya Sahani

Mchuzi mzito wa nyama, viazi na pilipili huanza kwa miguu. Ukiwa unakaa Mchafukoge, Dar es Salaam, unatoka na kikapu, unavuka Mnazi Mmoja, unaingia Kariakoo kutafuta hoho, pilipili mbuzi, nyanya na viazi. Wauzaji wamepanga kwa mafungu. Mwenye shughuli ananunua kwa sado, kipimo kilichorithi jina la kopo la rangi. Kisha unarudi ulikotoka, kwenye maduka ya viungo ya kuelekea Kisutu, ujazie binzari nyembamba, giligilani na mdalasini. Nimeifanya safari hiyo miaka mingi bila kuitafakari. Ila ile nafasi ya wazi ninayoikatiza katikati iliachwa makusudi. Wajerumani waliipanga kabla ya vita vya 1914, Waingereza wakaitekeleza miaka ya 1920: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, Waafrika ng'ambo ya pili, na Mnazi Mmoja kiwanja cha kuwatenganisha. Mpishi wa mchuzi anauvuka mpaka huo kwenda na kurudi.

Ukimuuliza mtu yeyote sokoni pilipili imetoka wapi, atakwambia Lushoto au Morogoro. Ukimbana zaidi atasema India. Jibu hilo la pili linaeleweka, maana jirani zetu wa Uhindini ndio waliotuzoesha pilipili ya unga, achari na chatne. Lakini India nayo ilipokea. Mmea wa pilipili kali ni wa Amerika. Watu wa Meksiko na nchi za jirani waliulima kwa maelfu ya miaka kabla ya mtu yeyote wa Asia, Ulaya au Afrika kuuonja. Christopher Columbus alipovuka bahari mwaka 1492 alikuwa anatafuta njia ya kwenda kwenye viungo vya Mashariki, pilipili manga ikiwamo. Akakuta tunda jingine kabisa, la ukoo mwingine, linalowasha ulimi kwa namna yake. Wahispania wakalipa jina linalofanana na la pilipili waliyokuwa wakiijua.

Sisi tulifanya hivyo hivyo. Neno pilipili ni kongwe kuliko tunda tunaloliita hivyo leo. Asili yake ni Bara Hindi, likapita kwa Waajemi na Waarabu, likafika pwani likiwa linamaanisha zile punje nyeusi za kusaga. Tunda jipya lilipoingia, jina likawa la wote wawili, ikabidi kutofautisha. Punje nyeusi zikawa pilipili manga, yaani za Arabuni, na zile nyekundu zikawa pilipili hoho. Hapo msomaji wa Dar atashtuka, kwa sababu hoho yake haiwashi. Anaikata vipande kwenye kachumbari na mtoto anaila. Lakini kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 inaitaja hoho kuwa ile pilipili nyekundu kali. Hoho imepoa ndani ya kizazi kimoja au viwili, na ukali ukahamia kwenye majina mengine: mbuzi, kichaa.

Wareno ndio waliolisafirisha tunda hilo. Vasco da Gama alipita Mombasa na Malindi mwaka 1498. Baada ya hapo, kwa karibu miaka mia mbili, Wareno walikuwa na makazi Brazil, ngome Msumbiji, Mombasa na Goa, na meli zao zilikwenda na kurudi zikibeba kila kilichoota. Kiswahili cha Unguja kinawakumbuka kila mtu anapotaka mbatata, neno lao kwa kiazi ambacho nacho ni cha Amerika. Nyanya pia ni za huko huko. Unguja wengi wanaziita tungule, nasi tumezipa jina moja na nyanya chungu, ambazo ni za Afrika. Ukiisaili sufuria ya mchuzi wangu utakuta ng'ombe, kitunguu na tangawizi ni watu wa upande huu wa dunia, na pilipili, viazi na nyanya wamekuja kwa meli. Kisha kuna malipo niyapendayo. Wareno walileta tunda wakachukua neno. Piripiri wanayoipaka kuku kule Lisbon ni pilipili yetu, iliyookotwa kwenye pwani ya Afrika Mashariki na kuviringishwa kwenye ulimi wa Kireno.

Lakini kuna jambo moja ambalo Wareno hawakulileta, na mimi nadhani ndilo kubwa. Mwaka 1331, Ibn Battuta wa Tangier alishuka Mogadishu, akakirimiwa na mtawala wa mji, na kwa bahati nzuri alikuwa mtu wa kuangalia sahani. Anaeleza wali uliopikwa kwa samli, ukapakuliwa kwenye chano kikubwa cha mti, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Anaeleza ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Kisha anataja vitu vilivyowekwa pembeni: maziwa ya mgando, malimau ya kutiwa chumvi, tangawizi mbichi, maembe, na vishada vya pilipili vilivyolowekwa kwenye siki na chumvi. Anasema mlaji anatia tonge la wali mdomoni, kisha anafuatishia kipande cha hivyo vikali.

Pilipili ile haikuwa mbuzi wala kichaa. Columbus alikuwa bado hajazaliwa, na safari yake ilikuwa mbele kwa miaka 161. Ilikuwa pilipili manga, ikiwa bado mbichi kwenye vishada vyake. Lakini itazame ilipokaa. Imekaa pale pale inapokaa leo kwenye meza ya mkahawa wowote wa katikati ya mji: kibakuli kidogo kando ya biriani, chupa kando ya mishkaki, fungu la achari kwenye ukingo wa sahani. Pwani ilikuwa na adabu yake ya mezani: mpishi hakuamulii ukali, anakupikia chakula kitamu na wewe unajiwasha kadiri ya ubavu wako. Tunda la Amerika lilipoingia lilikuta kiti kipo, likakikalia, likamsukuma mwenzake kwenye kinu cha viungo vya pilau.

Kwingine mambo yalikwenda tofauti. Wahispania waliopanda kaskazini kutoka Meksiko wakiongozwa na Juan de Oñate walifika nchi inayoitwa New Mexico, leo jimbo la Marekani, mwaka 1598, wakati Wareno wakiwa wapya ndani ya Fort Jesus, ngome yao ya Mombasa waliyoanza kuijenga 1593. Huko pilipili ikawa chakula chenyewe. Wanaichoma mpaka ngozi inaungua, wanaimenya, wanaipika na nyama na viazi mpaka inakuwa mchuzi mzito, na mkahawani mteja anaulizwa tu anataka nyekundu au ya kijani. Kama anataka pilipili au hataki, hakuna anayeuliza.

Dar es Salaam iliipokea pilipili kwa milango miwili. Mji wenyewe ni wa juzi. Sultani Majid alianza kuujenga miaka ya 1860 kando ya kijiji cha Mzizima, akafariki 1870 kabla haujakamilika. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuja naye na baada yake, na jikoni mwao pilipili ilikuwa tayari imekaushwa, imesagwa na kuozwa kwa binzari. Huo ndio mlango wa Uhindini. Mlango wa pili ni wa mashambani, pilipili mbichi za matengani, ambazo hatimaye zilipata makao Kariakoo, mahali palipobeba jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza wa Vita vya Kwanza. Jengo la soko lenye miavuli ya zege, kazi ya msanifu Beda Amuli, lilifunguliwa 1975, na chini yake kuna ghorofa ya shimoni. Moto wa Julai 2021 uliliunguza. Wiki ile pilipili ziliuzwa barabarani, kama ambavyo nyingi zimekuwa zikiuzwa siku zote.

Milango hiyo miwili ilikutana kwenye ngazi za maghorofa. Sheria ya 1971 ilipotaifisha majengo ya kupangisha, flati za Uhindini zikawa nyumba za Msajili wa Majumba, na familia za kutoka kila upande zikajikuta zinapanda ngazi moja. Kufikia saa sita mchana ngazi hizo zinanukia kila mlango kivyake: hapa mtu anakaanga jira na majani ya mchuzi, pale mtu anachemsha mifupa.

Mchuzi wangu nao umechanganya. Nyama ya mbavu inachemka na chumvi, tangawizi na kitunguu saumu mpaka inakaribia kuachia mfupa. Hoho za kijani nazichoma juu ya jiko la mkaa, nazigeuza mpaka ziwe nyeusi, nazifunika kwenye bakuli zitoke jasho, kisha namenya. Gesi haifai, inaziunguza bila kuzipa moshi. Kitunguu kinakaangwa polepole, inafuata binzari, inafuata nyanya, inaachwa mpaka mafuta yanaelea. Viazi, nyama na supu yake, halafu hoho zilizochanwachanwa. Mwisho kabisa pilipili mbuzi moja, nzima, na kikonyo chake, inaelea juu kama boya. Usiikoroge. Ikipasuka, chakula cha watu sita kinakuwa cha mtu mmoja jeuri.

Ikipasuka kweli, maji hayasaidii, kwa sababu kinachowasha hakiyeyuki kwenye maji. Kinayeyuka kwenye mafuta. Ndiyo maana tui la nazi huokoa mchuzi, na ndiyo maana aliyemenya pilipili anapaswa kujipaka mafuta ya kupikia mikononi kabla ya sabuni. Watu hulisoma jina la kata yetu, Mchafukoge, kama amri: mchafu, koge. Kwa mpishi wa pilipili, kuoga tu hakutoshi. Ndege ndio waliosalimika, hawausikii muwasho huo. Wanakula kichaa nyekundu, wanatua uani, wanaacha mbegu, na baada ya miezi michache unakuta mche pembeni ya pipa la maji ambao hakuna aliyeupanda.

Mara ya mwisho nilipoupika nilikuwa na wageni watatu, mmoja wao shemeji yangu mkubwa, mzee aliyekulia mtaa wa Gerezani. Niliwaeleza kwamba pilipili imo ndani, ya kutosha, kwa mtindo wa New Mexico. Wakaitikia kwa adabu. Tukanawa, ugali ukakatwa, mzee akachovya tonge la kwanza, akatafuna, akakubali kwa kichwa kwamba ni tamu. Kisha akatazama kulia kwa sahani yake, akatazama kushoto.

"Shemeji," akasema, "na pilipili je?"