Uchambuzi wa Kiufundi: Nini Hasa Kinachochambuliwa?

Mwekezaji mpya anayefungua akaunti kwa dalali wa hisa, awe Nairobi au Dar es Salaam, hachelewi kukutana na "uchambuzi wa kiufundi", na jina hilo humtisha bure. "Kiufundi" humpeleka Mswahili karakanani. Akilisikia sokoni, anaweza kudhani wataalamu wanakagua mitambo: kiwanda cha saruji kina tanuri la namna gani, kampuni ya simu ina minara mingapi. Kumbe uchambuzi huu hauigusi kampuni hata kidogo. Unasoma yaliyoandikwa sokoni tu, yaani bei ya hisa na idadi ya hisa zilizouzwa.

Aliyetafsiri hana kosa. Mwanzoni mwa karne ya 20, waandishi wa fedha wa New York walitenganisha hali ya biashara nje ya soko, kama mavuno, reli na riba, na hali ya ndani ya soko lenyewe: nani ameshika hisa, na kama amezinunua kwa fedha yake au kwa mkopo. Hiyo ya ndani ndiyo waliyoiita technical, nasi tukaipokea kwa neno tulilokwisha kulizoea katika "msaada wa kiufundi". Hata hivyo, kwa kumfundishia mgeni, "uchambuzi wa mwenendo wa bei" ni bora mara nyingi zaidi, kwa sababu unataja kitu chenyewe. Mwenzake, uchambuzi wa misingi, hauna utata: huo ndio unaopekua faida, madeni na gawio.

Mizizi ya fani yenyewe hupelekwa kwa Charles Dow, mmoja wa waanzilishi wa gazeti la Wall Street Journal mwaka 1889, ambaye mwaka 1896 alianza kutoa wastani wa bei za kampuni 12 za viwanda. Katika tahariri zake aliifananisha bei na bahari: kuna kujaa na kupwa kwa maji, kuna mawimbi, na kuna viwimbi vya juujuu. Mchambuzi anatafuta kujua kama maji yanajaa au yanakupwa. Viwimbi vya siku moja havimshughulishi.

Hata hivyo, chombo ambacho mwanafunzi hukutana nacho kwanza kimetoka Japani, nchi ambayo soko lake la mchele la Dojima, mjini Osaka, lilitambuliwa rasmi na serikali mwaka 1730. Ni chati ya mishumaa, iliyoenea kwa wasomaji wa Kiingereza baada ya kitabu cha Steve Nison cha mwaka 1991. Wapo wanaoiita chati ya vinara. Kinara ni kile kinachoshika mshumaa, na kinachochorwa hapa ni mshumaa wenyewe, kama Wajapani walivyouita, pamoja na utambi wake.

Chukua hisa ya kubuni. Asubuhi imefungua kwa Sh 15.00, ikateremka hadi 14.70, ikapanda hadi 15.80, na jioni ikafunga kwa 15.60. Kiwiliwili cha mshumaa kinachorwa kutoka 15.00 hadi 15.60, na kwa kuwa bei imefunga juu ya ilipoanzia, kinapakwa kijani. Utambi wa juu unafika 15.80, wa chini 14.70. Ule wa chini unasimulia mvutano: wauzaji waliishusha bei, wanunuzi wakaipandisha tena kabla ya kengele ya kufunga.

Kisha kuna wastani unaosogea. Hisa hiyo ikifunga siku tano kwa 15.60, 15.40, 15.90, 16.10 na 16.00, wastani wake ni 15.80. Siku ya sita ikifunga kwa 16.60, ile 15.60 ya kwanza inaachwa, mpya inaingia, na wastani unasogea hadi 16.00. Kalamu na karatasi zinatosha. Anayeifanya hesabu hii kwa mkono wiki moja ataielewa kuliko anayebonyeza kitufe kwenye simu.

Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, inaonyesha uwezo wa mbinu hii na mipaka yake. Hisa zake ziliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa Sh 5, zikavuka Sh 40 mwaka 2021, na kufikia mwisho wa 2023 zilikuwa chini ya Sh 15. Aliyefuata wastani wa siku 200 aliiona bei ikikaa chini ya mstari huo sehemu kubwa ya mwaka 2022. Ishara ilikuwapo. Sababu haikuwamo kwenye chati: riba za Marekani zilikuwa zikipanda, na wawekezaji wa kigeni walikuwa wakiuza hisa zao Nairobi na kuondoa fedha.

Tatizo kubwa zaidi kwa msomaji wetu ni ukwasi, yaani urahisi wa kupata mnunuzi au muuzaji wa hisa. Mbinu hizi zimekulia kwenye masoko ambayo hisa moja huuzwa maelfu ya mara kwa siku. Katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza mauzo mwaka 1998, zipo hisa zinazopitisha siku nyingi bila mnunuzi wala muuzaji. Mshumaa wa siku kama hiyo ni kistari kilicholala, na ukiviweka vistari hivyo kumi mfululizo hupati mwenendo wowote wa kuchambua. Hata mruko wa ghafla unaweza kuwa umeletwa na mtu mmoja aliyeuza hisa chache. Kwa hiyo kwenye taarifa ya kila siku ya soko, safu ya kusomwa kwanza ni ya idadi ya hisa zilizouzwa. Kwa hisa zenye mauzo ya mara kwa mara, kama za benki za CRDB na NMB, chati ina cha kusema; kwa zile zenye sifuri siku baada ya siku, mwekezaji afungue hesabu za mwaka za kampuni.